Ratiba ya Furaha

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Jacktone amepiga simu. Wanakuja! Yeye na mkewe Maurine, Alhamisi hii, walale hadi Jumatatu. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye wodini, kwamba wangependa kuja kukaa na mimi kidogo, kama nina nafasi.

Nikamwambia nafasi ipo tele. Nyumba ni kubwa.

Sijui ulimi wangu una nini. Nyumba si kubwa. Nyumba ni chumba kimoja cha udongo nyuma ya kanisa, na nusu yake wanalala kuku wa Mama Benedeta. Lakini mimi, Patroba Wandera, nimetumwa na kanisa letu la Matayos kuhubiri ng'ambo, na mtu aliyetumwa ng'ambo hawezi kulaza wageni na kuku. Tena katika ripoti zangu nimekuwa nikiandika "nyumba ya misheni". Na "umati". Na mara moja, nikiwa nimeshiba, "kwaya".

Ng'ambo yenyewe ni Paya, Tororo, Uganda. Mtu akinywa chai Matayos, Kenya, asubuhi anaweza kula chakula cha mchana hapa. Lakini katikati kuna mpaka, na mpaka ni mpaka. Watu wa nyumbani wananiombea kana kwamba niko Ulaya.

Kingine: Jacktone siku hizi ni mzee wa kanisa. Wazee wa kanisa hawasafiri bure. Nahisi ametumwa kunikagua.

Kingine tena, na hiki ni kizito. Walifiwa mwezi wa nne. Sylvia, binti yao wa pekee, hata shule hakuwa ameanza. Homa, siku chache, basi. Sikwenda kumzika. Tulikuwa na semina ya uinjilisti na mwalimu nilikuwa mimi. (Mwanafunzi alikuwa mmoja. Lakini semina ni semina.) Niliwatumia ujumbe mzuri wenye picha ya mshumaa.

Nimewaza sana na nimepata jibu. Wachangamshwe! Nimeandaa ratiba ya furaha tangu watakaposhuka mpaka watakapoondoka, imejaa kiasi kwamba hawatapata hata dakika ya kukaa na kukumbuka. Na hapa Paya hakuna atakayelitaja jina la mtoto. Hiyo ndiyo amri ya kwanza.

Ninachohitaji sasa ni nyumba, umati na viti.

Jumanne, 12 Agosti

Nyumba nimepata!

Mama Benedeta Among ndiye muumini wangu wa kwanza hapa. Wiki nyingine ndiye muumini wangu wote. Mjane, Mteso kwa kabila, anatia chumvi nyingi kwenye mboga na hana siri. Lakini ana nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, na kochi lililovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma.

Nilikwenda na hoja nzito za kiroho za kumwomba aniazime. Sikuzitumia hata moja. Alisema nyumba si ni ya Mungu, pasta? "Mimi nakwenda lala jikoni," akasema. "Jikoni iko na joto."

Sehemu ngumu ilikuwa kumweleza kwamba wageni wasijue. Kwamba kwa siku hizi yeye atakuwa msaidizi wangu wa nyumbani. Alifikiri kidogo, akauliza kama msaidizi anaruhusiwa kukalia kochi lake mwenyewe. Nikamwambia asubuhi tu, wageni wakiwa bado wamelala.

Nikaondoa picha ukutani. Marehemu mumewe na baiskeli. Mwanawe Emoit aliye Soroti. Kasichana fulani kenye gauni jeupe. Watu wasionihusu! Zote kwenye gunia, gunia chini ya kitanda. Mahali pake nimetundika cheti changu cha uinjilisti. Ukuta unaonekana wangu kabisa.

Nikampa na ile amri: asimtaje Sylvia. Akauliza Sylvia ni nani. Ikabidi nimtaje.

Kisha akauliza nani amekaa na huyo mama wa mtoto. Nikamweleza kwamba kukaa ndiko tusikokutaka. Tunataka shughuli. Akaitikia kwa kichwa, lakini Mama Benedeta huitikia hivyo hata akiwa hajakubali.

Jumatano, 13 Agosti

Umati nimepata, Mungu anisamehe.

Ochen ana kibanda cha ajono njiani kuelekea Iyolwa. Pombe ya wimbi, chungu katikati, watu wameketi duara na mirija mirefu. Kila alasiri kile chungu kina waumini wengi kuliko kanisa langu lilivyopata tangu nije. Nimepita pale mara nyingi nikiwaombea kwa macho makali. Leo niliingia.

Nikawaeleza shida yangu: Jumapili waje wote, waoge, wakae mbele, waimbe. Baada ya ibada kuna wali na nyama. Ochen akauliza kama chungu nacho kinaweza kuja. Nikakataa. Akauliza kama ni lazima waamini. Nikasema Jumapili ya kwanza si lazima. Wakashauriana bila kutoa mirija midomoni, wakakubali. Ochen mwenyewe nimemteua mzee wa kanisa kwa sababu ndiye mwenye koti.

Halafu viti. Hapa ilibidi nimeze kitu kichungu: nilikwenda kwa Pasta Osire.

Osire kanisa lake liko ng'ambo ya bonde. Ana vipaza sauti. Ana ngoma za kizungu. Jumapili nikihubiri, yeye ndiye anayesikika kanisani kwangu. Nilimwomba viti nikitarajia anikatalie, nikawa tayari kuudhika. Akanipa vyote papo hapo na kijana wa mkokoteni! Mtu hatoi viti vyote bure. Ana jambo.

Viti vimeandikwa jina la kanisa lake mgongoni kwa rangi nyekundu. Nitavivisha leso.

Aliuliza wageni ni akina nani. Nikasema marafiki. Akasema atapita kuwasalimu. Nikasema ratiba imejaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamefika.

Niliwapokea mpakani Busia, upande huu, kando ya foleni ya malori. Niliwaona kabla hawajaniona. Walikuwa wanatembea polepole wameachana kidogo katikati, kama watu waliozoea kumshika mtu mkono kila mmoja upande wake.

Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Walikuwa wanatembea tu.

Maurine amekonda sana. Nikamwambia amependeza, mwili umekuwa mwepesi kama wa msichana. Akasema asante, shemeji. Jacktone alinikumbatia, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko desturi. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia tuwahi boda kabla mvua haijanyesha. Mvua haikuwa na dalili.

Nyumbani nikafungua mlango kwa madaha. Mama Benedeta akatoka jikoni mikono miwili mbele. "Karibuni, watoto wangu! Karibuni nyumba yangu!"

Nikacheka sana. Nikawaeleza wageni kwamba huku Uganda kila msaidizi huiita nyumba anayofanyia kazi nyumba yake, ni mila. Jacktone akasema ni mila nzuri. Akakitazama cheti changu, kisha akatazama alama za vumbi za mistatili ukutani, palipokuwa na picha. Hivyo ndivyo wakaguzi walivyo.

Tulikula kuku na ugali wa wimbi. Chumvi! Baada ya kula Jacktone aliweka kikombe chini, akaegemea magoti yake, akasema, "Patroba, ndugu yangu, kuna jambo tulitaka..."

Nikaruka. Ludo! Ratiba inasema ludo! Nikatandaza ubao kabla hajamaliza. Maurine alishika dadu mkononi, akaishika tu, akaitazama kama haijui. Ikabidi nimrushie mimi zamu zake zote. Akashinda! Nikashangilia kwa nguvu. Nilikuwa peke yangu niliyeshangilia.

Ijumaa, 15 Agosti

Matembezi: kupanda Mwamba wa Tororo. Nani anaweza kuhuzunika juu ya mwamba?

Maurine alibaki chini. Alisema miguu. Akaketi kwenye jiwe karibu na mama mmoja anayeuza ndizi, na tulipoangalia kutoka ngazi za kwanza alikuwa bado ameketi vile vile, mikono mapajani, viganja juu.

Jacktone na mimi tulipanda hadi kileleni. Upepo, mji wote chini, moshi wa kiwanda cha saruji, mlima Elgon umevaa mawingu. Nikamweleza kila kitu kwa majina, na nisivyovijua nilivibuni. Aliniuliza Matayos iko wapi kutoka pale. Nikamwonyesha kwa kidole, kule, kuelekea kusini. Akasimama akitazama kule bila kupepesa. Nikaona anawaza duka lake la vyakula vya mifugo, amemwachia nani. Nikamwambia asijali, biashara haiwezi kuharibika kwa siku chache.

Akanigeukia. Akasema, "Hapana, Patroba, si duka." Macho yamemwiva.

Nikaona hatari. Nikapendekeza tushindane kushuka! Nikaanza kukimbia kabla hajajibu. Niliteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi za chuma. Jacktone ndiye aliyenishusha, mkono wangu begani kwake, pole pole, hadi chini. Siku imeharibika kwa sababu ya viatu vyangu, vimeisha soli.

Jioni, nikiwa nimeweka mguu kwenye beseni, nikamwona Osire anakuja njiani na mkungu wa ndizi. Ndipo nilipoelewa viti vilikuwa vya nini. Anataka wageni wangu! Nikachechemea haraka nikamkuta kabla hajafika uani. Akasema Mama Benedeta amemwambia kuhusu msiba, amekuja kusema pole. Nikamwambia wageni wamepumzika, na kwa kawaida wakipumzika hawaambiwi pole. Akanipa mkungu, akaniambia na mimi pole, akarudi alikotoka.

Pole ya nini? Labda ya mguu.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya. Naandika nikiwa na kuku, chumbani kwangu nyuma ya kanisa.

Asubuhi nilikuwa kanisani navisha viti leso. Leso zimepungua, kwa hiyo safu ya nyuma imevishwa magunia. Ratiba ilisema saa nne ni chemsha bongo ya Biblia, uani, na zawadi ya sabuni. Nikarudi nyumbani nikichechemea na sabuni mkononi.

Kumbe Maurine alikuwa ametafuta ndala yake chini ya kitanda. Akapata gunia.

Picha zote zilikuwa zimetandazwa kitandani. Mama Benedeta alikuwa ameketi kwenye kochi, mchana kweupe, kinyume cha makubaliano. Maurine alikuwa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya Mama Benedeta, na mkononi ameshika ile picha ya kasichana ka gauni jeupe. Mama Benedeta alikuwa akimpapasa nywele na kusema kwa lugha yetu ya mpakani, bila haraka: "Hii ni Atai yangu. Atai ilikuwa inapenda njugu. Ilikuwa inaiba njugu kwa mkeka, inaficha ndani ya gauni, halafu inasema ni panya."

Na Maurine akacheka! Nilimsikia kwa masikio yangu. Tangu afike, na ludo yote ile, na mwamba, hajacheka, akaja kucheka kwa panya. Kisha akasema Sylvia naye alikuwa anaficha sukari. Kisha kicheko kikageuka, na ile sauti iliyomtoka sitaiandika.

Nilisimama mlangoni. Amri ya kwanza imevunjwa, na aliyeivunja ni msaidizi wangu. Nikakohoa. Nikatangaza kwamba chemsha bongo inaanza. Maurine akainua uso uliolowa, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, funga mlango."

Nikaufunga. Nilipomaliza kuufunga nikagundua kwamba niko nje.

Jacktone alikuwa nyuma ya nyumba akibangua njugu za Mama Benedeta, mkeka mzima. Nikaanza kumweleza kuhusu nyumba, kwamba ni ya misheni kwa maana pana. Akasema nyumba ni nzuri, Patroba, mwenyewe ni mzuri pia. Akaendelea kubangua. Akaniambia nikae nimsaidie. Nikamwambia siwezi, ratiba imechelewa tayari, nina viti.

Jioni wamepanga mambo bila mimi. Mama Benedeta amerudi kitandani kwake, Maurine analala naye. Jacktone amehamia kwangu. Sasa hivi ameketi ukingoni mwa kitanda changu akimtazama jogoo, na naona kabisa anataka kuzungumza.

Nalala mapema. Kesho ni siku kubwa.

Jumapili, 17 Agosti

Umati ulikuja! Hilo liandikwe kwanza.

Walikuja wote, wameoga, wamechana nywele, Ochen kwenye koti. Kanisa lilijaa hadi kwenye magunia. Harufu ilikuwa kidogo ya chachu, lakini nilifungua madirisha. Nilipowaona wageni wameketi mbele, Mama Benedeta katikati yao, moyo wangu ulipanda. Jacktone aandike ripoti sasa!

Nyimbo hazikuenda vizuri. Watu wa chungu wanajua nyimbo nyingi lakini si zile. Osire ng'ambo ya bonde aliwasha vipaza sauti, ikabidi tuimbe zake.

Nikahubiri juu ya furaha. Nilihubiri vizuri sana. Nilirukaruka kwa mguu mmoja, ule mzima. Nikasema mkristo wa kweli hana muda wa machozi. Maurine alikuwa ametazama chini.

Kisha nikafanya kosa la utaratibu. Nikamwita mzee wetu wa kanisa, Mzee Ochen, atoe salamu. Tulikuwa tumefanya mazoezi: aseme karibuni, asifu huduma yangu, aketi.

Ochen alisimama. Akavua kofia ambayo nilimkataza kuivaa. Akasema yeye si mtu wa kanisa, awe mkweli, amekuja kwa sababu ya wali. Hapo nikaanza kutokwa jasho. Akasema lakini Mama Benedeta alipita kibandani jana jioni, akawaambia kwamba mgeni huyu ameleta msiba kutoka kwao Kenya, ameubeba hadi hapa, na hakuna aliyempokea mzigo. "Sisi watu ya chungu tuliona haya," akasema. "Mgeni inakuja na mzigo, unapokea. Mtoto aliitwa Sylvia. Sisi hatukumjua. Lakini tumekuja kumlilia kidogo, kama mtaturuhusu."

Wakasimama wote. Walevi wa Iyolwa, wamesimama wima, kofia mikononi. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akaanza, na wengine wakamfuata, kile kilio cha huku cha kuzika. Jacktone akainama hadi paji la uso likagusa kiti cha mbele. Mabega yanatikisika. Sijawahi kumwona hivyo tangu tukiwa vijana.

Nifanye nini? Ibada inaporomoka! Nikachukua kayamba, nikaanzisha pambio la kuchangamsha, lile la kuruka na kupiga makofi. Niliimba ubeti wote. Nikaimba na kiitikio. Hakuna aliyepokea. Nikaendelea kutikisa kayamba, polepole zaidi, mpaka Mama Benedeta akanyanyuka, akaja, akanitoa kayamba mkononi kama unavyomtoa mtoto kisu. Akarudi kuketi nalo.

Walilia mpaka wakamaliza. Kisha wakala wali. Watu wengi walibaki jioni nzima, wamekaa tu uani na wageni wangu kwenye viti vya Osire, na leso zilikuwa zimeanguka, jina lake likisomeka kila mahali.

Kifua kimenibana sana usiku huu. Ule wali ulikuwa na mafuta mengi.

Jumatatu, 18 Agosti

Wameondoka.

Maurine na Mama Benedeta waliagana uani, hawakuweza kuachana. Mama Benedeta amempa mfuko wa njugu na ile picha ya Atai. Picha yenyewe hana nyingine! Nilipomwambia hivyo alisema anaikumbuka sura.

Niliwasindikiza hadi Busia. Maurine alitangulia kwenye foleni ya pasipoti. Jacktone akanivuta kando, chini ya ukuta, na safari hii sikuwa na mahali pa kukimbilia, mguu bado umevimba.

Nikamuwahi. Nikamuuliza ripoti yake kwa Matayos itasemaje. Akaniuliza ripoti gani. Akasema hawakutumwa na mtu. Akasema Maurine halali tangu mwezi wa nne, na nyumbani kila mtu anawapa mawaidha. Ndipo yeye akamwambia twende kwa Patroba. Akanikumbusha alipokufa mama yake, tukiwa vijana wa kwaya: nilikwenda kwao, nikalala naye nje chini, karibu na kaburi, siku baada ya siku mpaka matanga yakaisha, na hata siku moja sikumwambia neno la kumfariji.

"Ulikaa tu," akasema. "Nilimwambia Maurine, huyo ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kukaa."

Akanisubiri. Malori yalikuwa yakinguruma pale. Nilikuwa na neno kooni, nalikumbuka lilikuwa dogo, la silabi tatu, jina la mtoto. Lilifika hadi kwenye meno.

Nikamwambia wakati ule nilikuwa kijana, sikuwa na maandalizi. Nikamwambia wakija tena nitakuwa na jenereta na vipaza sauti vyangu mwenyewe.

Jacktone alinitazama. Akaniwekea mkono shavuni, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi, akasema sawa, ndugu yangu. Akaenda kumfuata mkewe. Safari hii walishikana mikono. Nilipunga hadi walipopotea kule upande wa Kenya. Hawakugeuka, lakini watu wengi walikuwa katikati.

Nimerudi Paya. Nimewatumia ujumbe: "Asanteni kwa ziara iliyofana." Na picha ya ua.

Alhamisi, 21 Agosti

Jacktone hajajibu. Mtandao wa Kenya si wa kutegemea. Ajabu ni kwamba Maurine anampigia Mama Benedeta kila jioni, wanaongea mpaka simu inaisha chaji, na mtandao haujawahi kuwasumbua.

Nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu nini kilikosekana katika ziara ile. Nimelipata. Ratiba ilikuwa na mapengo. Kati ya chemsha bongo na chakula cha mchana, kwa mfano, nilimwachia mtu nafasi ya kutafuta ndala.

Leo asubuhi habari zimekuja: baba yake Pasta Osire amefariki jana, nyumbani kwao Masinya. Ng'ambo ya bonde kimya. Hajawasha vipaza sauti. Ochen na watu wa chungu wamekwisha kwenda tangu alfajiri. Mama Benedeta amefunga kitambaa kichwani, amebeba mkeka, anasema twende, pasta, twende kukaa na yule mtu.

Nimemwambia asubiri kidogo. Osire na mimi tumekuwa na mambo yetu, lakini mkristo huweka mambo hayo kando wakati wa msiba. Maskini, atakuwa amezungukwa na vilio tangu jana! Anahitaji mtu mwenye mipango. Nimekwisha andaa kila kitu: hakuna kumtaja mzee. Tukifika tu, mashindano ya kukimbia ndani ya magunia, wazee kwa wazee, vijana kwa vijana. Baadaye kuvuta kamba. Magunia nimeyakunja tayari.

Mama Benedeta alinitazama muda mrefu akiwa na mkeka wake begani. Akaniuliza kama tukifika nitakaa nao chini, hata kidogo tu.

Nikamwambia nikikaa, nani atapuliza filimbi?